Liva, kibandulio au mashine? Kuchagua vifaa vya kubadilishia tairi la pikipiki nyumbani

Kabla hujauliza bei ya kifaa chochote, inama uangalie magurudumu yako. Rimu ni ya spoku au ya aloi? Tairi lina tyubu ndani au ni tyubulesi? Maswali haya mawili ndiyo yanayoamua sehemu kubwa ya matumizi yako, na wanunuzi wengi huyaruka. Mwenye Boxer ya spoku anarudi nyumbani na kibandulio kizito, kifaa cha kubandua tairi kwenye rimu, asichokihitaji. Mwenye Apache ya tyubulesi ananunua liva mbili fupi, vile vyuma vya kung'olea tairi, na pampu ya mguu, kisha anashinda uani akisukuma upepo unaotokea upande wa pili.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayetaka kuifanya kazi hii mwenyewe: dereva wa bodaboda, mwenye pikipiki tatu nne alizowakabidhi vijana, mwalimu au bwana shamba anayeishi mbali na barabara ya lami, na mwenye pikipiki kubwa ya safari asiyetaka rimu yake iguswe na nondo. Sina ugomvi na mafundi pancha. Ukiwa na fundi mwangalifu karibu na kwako, mwenye liva safi na anayetumia sabuni, endelea naye. Lakini gereji nyingi za barabarani hutoa tairi kwa haraka, na alama za haraka hiyo hubaki kwenye rimu na kwenye tyubu. Anayelipa ni wewe, mara nyingi wiki mbili baadaye, njiani, na abiria nyuma.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: watu hununua nguvu mahali panapohitaji utelezi na nafasi. Tairi la pikipiki linatoka kwa akili kuliko kwa mabavu, na kifaa cha bei ya chini kinachotumika vizuri kinashinda mashine inayolazimishwa.

Soma gurudumu kwanza

Pikipiki nyingi za kazi huku kwetu, kama Boxer na TVS HLX, zina rimu za inchi 17 au 18 na matairi membamba, 2.75 mbele na 3.00 nyuma au yanayokaribia hapo, na ndani kuna tyubu. Pikipiki za milima na mashamba kama Yamaha DT125 zina gurudumu la mbele la inchi 21 na la nyuma la inchi 18, pia zenye tyubu. Ukingo wa tairi la namna hii, yaani ule mviringo wa ndani unaokaa kwenye rimu, haushikiliwi na kitu kikubwa. Upepo ukitoka wote, unaubandua kwa kuukanyaga.

Tyubulesi ni habari nyingine. Ndani ya rimu yake, karibu na kila mdomo wake, kuna tuta dogo linaloizunguka rimu yote. Limewekwa makusudi ili tairi likipungua upepo barabarani, ukingo usitumbukie katikati na kukuangusha. Tuta hilo hilo linalokulinda ukiwa kwenye mwendo ndilo litakalokutoa jasho siku ya kubadilisha tairi.

Usidanganywe na rimu ya aloi. Pikipiki nyingi za kazi zenye rimu za aloi bado zinatumia tyubu. Soma ubavu wa tairi: limeandikwa TUBE TYPE au TUBELESS. Kisha tazama rimu yenyewe. Rimu ya tyubulesi kwa kawaida ina herufi MT ndani ya namba za ukubwa wake. Ukivisha tairi la tyubulesi kwenye rimu isiyo ya tyubulesi, bado utahitaji tyubu, hata muuzaji akikuapia vinginevyo.

Jambo lingine la kulielewa kabla ya kufungua pochi ni mfereji. Ukingo wa tairi una waya wa chuma ndani yake na hauvutiki. Ili upande mmoja wa ukingo upande juu ya rimu, upande unaoelekeana nao lazima uzame kwenye mfereji ulio katikati ya rimu, pale ambapo mzingo ni mdogo. Nafasi yote unayoipata inatoka hapo. Ukiona liva inaanza kupinda, au unatamani kuisimamia kwa miguu miwili, simama. Upande wa pili umepanda kutoka mferejini. Urudishe kwa magoti, ongeza sabuni, na liva itashuka kwa mkono mmoja. Asiyelijua hili atavunja kila kifaa nilichokitaja hapa chini, cha bei rahisi na cha bei ghali.

Liva: fupi au ndefu, bapa au kijiko

Hapa ndipo pa kuweka pesa kwanza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Liva fupi, za kama sentimita 20 hadi 25, zinaingia chini ya kiti na hazikupi nguvu za kupindukia. Huo ndio uzuri wake: mkono unachoka kabla ukingo haujachanika. Kwa matairi ya 2.75 na 3.00 zinatosha kabisa. Liva ndefu, za sentimita 35 hadi 40, zinarahisisha kazi kwenye tairi pana la nyuma au tairi gumu la pikipiki kubwa, lakini urefu huo huo unaweza kukata waya wa ukingo au kupinda mdomo wa rimu ya aloi bila wewe kuhisi kitu. Na waya ukishakatika, tairi hilo ni la kutupa, hata kama kashata zake, yale meno yanayoshika barabara, ni mpya. Kwa tyubulesi, mdomo wa rimu uliopinda unavuja upepo polepole, na kuunyoosha bila kuupasua si kazi ya nyumbani.

Kati ya ncha bapa na ncha ya kijiko, nachagua kijiko. Ncha iliyopinda kidogo hushika ukingo ikausubiri, hivyo unaweza kuiacha liva ya kwanza imelala huku unaingiza ya pili. Bapa iliyonyooka hupenya kwa urahisi ukingo ukiwa umebana sana, ila huteleza na kukurudia usoni. Kuna mafundi wanaozipenda bapa kwa sababu hazichukui nafasi karibu na tyubu, na hoja yao ina uzito: kadiri ncha inavyoingia ndani zaidi, ndivyo inavyozidi kuibana tyubu dhidi ya rimu. Suluhisho langu ni kijiko chembamba na kutozamisha zaidi ya kinachohitajika.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe. Madukani utakuta liva za bati nene lililokatwa, liva za chuma kilichofuliwa, na za kutengenezwa mtaani. Za bati zina kingo kali kama zilivyotoka kwenye mashine. Pitisha kidole pembeni, na kikikwaruzwa, tyubu nayo itakwaruzwa. Za kufuliwa zina mviringo laini na hazipindi ovyo. Mfano ni zile za kampuni ya Motion Pro ya Marekani, ambazo ndugu anayekuja likizo kutoka nje anaweza kukuletea kwenye begi la kupakia, kwa kuwa ni nzito lakini hazichukui nafasi.

Za mtaani ni za aina mbili. Liva ya nondo siipendekezi kwa rimu yoyote unayoipenda: ina mistari inayochuna, ni nene, na ncha yake hufuliwa haraka haraka. Liva ya springi ya gari, ikifanywa na mhunzi au fundi mwenye mashine ya kusaga, ni kitu kingine kabisa. Chuma chake ni kigumu na chenye uhai. Mwambie aizungushe ncha, aondoe kila pembe, kisha wewe mwenyewe imalizie kwa msasa hadi iteleze kwenye ngozi ya mkono. Springi ya namna hiyo haina aibu mbele ya liva ya dukani.

Nunua tatu. Mbili zinakulazimisha kushikilia moja kwa goti huku ya pili ikikimbia. Kwa tatu, mbili zinashikilia na moja inatembea. Nne ni ziada. Bisibisi isiguse tairi kamwe, iwe kubwa au ndogo.

Kubandua ukingo: njia za bure na za kulipia

Kwa tairi la tyubu kwenye rimu ya spoku, kisigino cha kiatu kigumu kinatosha: toa kiini cha valvu, laza gurudumu, kanyaga ukingo karibu kabisa na rimu, zunguka. Tairi lililokaa miaka mingi na kushikana na kutu ya rimu linahitaji zaidi. Hapo kuna njia ya zamani ya kutumia stendi ya pembeni ya pikipiki nyingine: unalaza gurudumu chini, unaweka mguu wa stendi juu ya ukingo, kisha unaiegemeza pikipiki ishushe uzito wake hapo. Inafanya kazi vizuri, lakini wahitajika watu wawili, na mmoja wao asiache kuishika pikipiki hata sekunde.

Wengine huweka ubao juu ya ukingo na kupandisha gari juu ya ubao. Siikubali. Dereva haoni anachokikanyaga, na sentimita mbili za kosa zinaishia kwenye spoku au diski ya breki.

Kati ya vya kulipia kidogo, jiriwa kubwa au klampu ya fundi seremala ni chaguo la heshima. Kama jiriwa tayari ipo mezani kwako, unabana ubavu wa tairi pande zote mbili karibu na rimu, unakaza, unasikia ukingo ukidondoka kutoka kwenye tuta. Ni ya polepole na inakubali gurudumu lolote linaloingia katika mdomo wake. Weka vipande vya mbao ili meno ya jiriwa yasiguse rimu.

Kibandulio cha mkono mrefu ndicho kifaa halisi cha kazi hii: kitako cha chuma, nguzo, na mkono unaosukuma jembe dogo kwenye ukingo. Urefu wa mkono ndio nguvu yake. Kwa tyubulesi kinamaliza kwa dakika chache kazi ambayo kisigino kingeishindwa kabisa. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea, na kwa hiki sioni sababu ya kuagiza ng'ambo. Mwombe mambo mawili: jembe liwe na upinde unaofuata mzunguko wa rimu badala ya kunyooka kama patasi, na nguzo iwe na matundu kadhaa ya pini ili uweze kusogeza mkono juu au chini kulingana na unene wa tairi. Kosa moja la kawaida la vibandulio vya mtaani ni jembe kutua juu ya rimu badala ya ukingo, kwa sababu mkono unashuka kwa upinde na si wima. Jaribu kabla ya kulipa, na uje na gurudumu lako.

Kwa msafiri kuna jozi ya liva zinazoshikana na kubandua ukingo, kama BeadPro ya Motion Pro: moja inajiegemeza kwa nyingine na kusukuma ukingo chini. Zinaingia kwenye begi la pembeni na zinatumika pia kama liva za kawaida. Kwa mtu anayekaa nyumbani, kibandulio cha kuchomelea kinampa zaidi kwa pesa ileile. Kwa anayetoka Nairobi kwenda Turkana na pikipiki ya tyubulesi, jozi hiyo ndiyo itakayomrudisha.

Chini, juu ya tairi kuukuu, au kwenye mashine

Usilaze gurudumu moja kwa moja kwenye sakafu. Diski ya breki hupinda, sproketi hukwaruza, na mchanga huingia kwenye beringi. Kitu bora cha bure ninachokifahamu ni tairi kuukuu la gari dogo. Lilaze chini, weka gurudumu juu yake. Kitovu na diski vinaning'inia katikati bila kugusa kitu, na mpira unashika gurudumu lisizunguke. Ndoo imara iliyowekewa mpira mdomoni nayo inafaa, tena inakuinua juu kidogo na kuuokoa mgongo.

Hatua inayofuata ni stendi yenye nguzo katikati, inayopita kwenye tundu la ekseli. Kwa hii, gurudumu haliendi popote, unazunguka wewe. Ikiwa na kibandulio pembeni yake, una karakana nzima ndogo. Kwa mwenye pikipiki tatu nne za kazi, hapa ndipo ningeishia.

Kisha kuna mashine zenyewe. Marekani, duka la Harbor Freight limeuza kwa miaka mingi mashine ya mkono ya matairi ya gari pamoja na kiungo cha pikipiki. Ni chuma kitupu na bei yake ni nafuu kwa kule, lakini lazima ifungwe kwa bolti kwenye zege, vinginevyo inazunguka pamoja nawe, na vibano vyake vya chuma vinachuna aloi usipovivika plastiki. No-Mar ni ya daraja jingine: vibano na ncha ya fimbo yake ni vya plastiki ngumu, hivyo chuma hakigusi rimu. Rabaconda inatoka Estonia. Ya kwanza ilitengenezwa kwa wapanda enduro, mashindano ya pikipiki kwenye njia mbovu, wanaotumia sponji ngumu ndani ya tairi badala ya tyubu, kisha ikaja ya pikipiki za barabarani. Inakunjwa, inabebwa, na haihitaji kufungwa sakafuni, kwa kuwa miguu yake inakanyagwa na uzito wa kazi yenyewe.

Ni mashine nzuri, nazisifu. Lakini No-Mar na Rabaconda ni za mamia ya dola kabla hujalipa meli na ushuru wa Mombasa au Dar es Salaam, na kwa tairi la 3.00 la Boxer hazikuongezei karibu chochote ambacho liva tatu na sabuni hazitakupa. Zinaanza kuleta maana kwa klabu ya waendeshaji, kwa kampuni inayokodisha pikipiki za safari, au kwa mtu anayebadilisha matairi mapana ya radiali kila baada ya wiki chache. Watu watano wenye pikipiki kubwa wakichanga, hesabu inabadilika kabisa. Mmoja peke yake, sioni.

Upepo: hapa tyubu na tyubulesi zinaachana kabisa

Kwa tairi la tyubu, pampu ya mguu yenye silinda nzuri inatosha. Tyubu inajaa, inausukuma ukingo taratibu hadi unakaa. Chagua pampu yenye mguu mpana usioyumba na kichwa kinachojifunga kwenye valvu kwa mkono mdogo wa kubana. Kichwa cha kushikilia kwa vidole kinakuchosha na kinavuja. Geji iliyojengwa kwenye pampu za bei nafuu usiiamini, nunua geji ya kalamu au ya mshale peke yake. Kama geji yako inasoma kwa bar, kumbuka kwamba bar 1 ni takriban psi 14.5.

Kwa tyubulesi, tatizo ni kasi ya upepo. Kingo zote mbili zipo mferejini, upepo unatoroka kila upande, na pampu ya mguu haiwezi kuujaza haraka kuliko unavyovuja. Kompresa ndogo ya volti 12 inasaidia kwa kuongeza upepo njiani, ila mara nyingi haitakalisha ukingo mpya. Isitoshe, betri ndogo ya pikipiki ya kazi haiwezi kuilisha. Iunganishe na betri ya gari, au nunua ile yenye betri yake ndani. Kinachokalisha ukingo ni kompresa yenye tangi, hata ya lita 24, kwa sababu tangi hutoa upepo mwingi kwa mkupuo.

Huna tangi? Vua kiini cha valvu ili tundu liwe pana, zungushia tairi mkanda wa kufungia mizigo katikati ya kashata, ukaze kidogo hadi mbavu za tairi zitanuke na kugusa rimu, kisha jaza. Mara nyingi inakubali. Na njia ya uhakika kuliko zote haina gharama kubwa: visha tairi nyumbani, beba gurudumu hadi kituo cha mafuta chenye kompresa, likalishe pale. Umeshafanya sehemu inayoharibu rimu kwa mikono yako mwenyewe. Iliyobaki ni upepo tu.

Kuna watu hunyunyiza petroli ndani ya tairi na kuiwasha ili mlipuko uukalishe ukingo. Nakusihi usifanye hivyo. Wala usizidishe upepo kupita kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye ubavu wa tairi kwa matumaini kwamba ukingo utaruka. Ukingo usipokaa, toa upepo wote, paka sabuni tena, anza upya. Weka vidole mbali na rimu, simama pembeni. Tairi linalopasuka halichagui. Utajua limekaa pale ambapo ule mstari mwembamba uliochorwa kwenye ubavu, karibu na rimu, unakuwa na umbali sawa kuzunguka gurudumu lote, pande zote mbili.

Vitu vidogo vinavyofanya kazi kubwa

Sabuni kwanza. Sabuni ya mche iliyolowekwa ikawa uji mzito inashinda vilainishi vingi vya madukani, na bei yake unaijua. Sabuni ya unga ikibaki ndani ya rimu ya aloi si rafiki wa chuma, kwa hiyo kama huna nyingine, tumia maji mengi na uifute. Oli na grisi usivipake hata kidogo: vinadhoofisha mpira, na havikauki, hivyo tairi linaweza kuteleza kwenye rimu ukibana breki na kuing'oa valvu ya tyubu. Dawa ya kupaka matairi ya gereji ipo na ni nzuri, lakini kwa tairi mbili kwa mwaka sioni haja.

Vikinga rimu vya plastiki vinauzwa kwa jozi, na kwa aloi havikwepeki. Anayetaka kuokoa fedha akate vipande vya ubavu wa dumu la lita 20, vyenye upana wa vidole vitatu, avikunje juu ya mdomo wa rimu. Vinachakaa, unakata vingine. Vya kununua vinakaa mahali pake vizuri zaidi kwa sababu vina kamba na umbo la rimu. Kama una aloi iliyopakwa rangi, nunua.

Kifungulio cha kiini cha valvu ni kitu cha shilingi chache na watu hukisahau hadi usiku. Nunua viwili, kimoja kibaki kwenye pikipiki. Poda ya watoto ndani ya tairi, kidogo tu, huisaidia tyubu kujinyoosha isikunjane. Na kabla ya kuingiza tyubu, ipe upepo kidogo ipate umbo; tyubu isiyo na umbo ndiyo inayonaswa na liva. Mwisho, nati ya valvu usiikaze hadi rimuni. Ipandishe juu ikabane kifuniko. Tairi likitembea kwenye rimu, valvu italala upande na utaona mapema, kabla haijachanika.

Spana za ekseli zinastahili pesa nzuri kuliko vitu vingi nilivyotaja. Pima nati zako, nunua spana ya duara au soketi ya namba hiyohiyo. Ile spana ya kurekebisha ambayo mafundi huiita spana malaya hula pembe za nati, na nati ya ekseli iliyoliwa pembe ni balaa siku ya pancha. Kama nati yako ina pini ya kufuli, weka pini mpya kila unapofungua.

Balansi

Kwa bodaboda ya mjini sitaki ujitwishe gharama hii. Tairi jipya likiwa na alama ya nukta ya njano, iweke mkabala na valvu, kwa kuwa pale ndipo tairi lilipo jepesi, na inatosha. Kwa pikipiki inayokimbia zaidi ya kilomita 100 kwa saa, gurudumu lisilo na balansi linatikisa usukani na kula tairi kwa mabaka. Stendi ya balansi, fimbo yenye koni mbili juu ya beringi laini, ni kifaa rahisi. Lakini gurudumu la mbele unaweza kulipima kwa ekseli yake mwenyewe iliyolazwa juu ya vigogo viwili vilivyo sawa, mradi beringi ni nzima: sehemu nzito itashuka chini, unabandika uzito juu, unarudia hadi gurudumu lisimame popote unapoliacha. Anza na njia hii. Ukiona unairudia mara kwa mara, nunua stendi.

Ni kipi kwa nani

Dereva wa bodaboda mwenye tyubu: liva tatu za kijiko, au za springi ya gari zilizolainishwa, sabuni ya mche, kifungulio cha valvu, geji, pampu ya mguu nzuri, na tairi kuukuu la gari la kulalia. Usinunue kibandulio. Pesa iliyobaki inunue tyubu bora na ukanda mpya wa kufunika spoku ndani ya rimu, kwa maana pancha nyingi zinazolaumiwa tairi huanzia kwenye kichwa cha spoku kilichochomoza.

Mwenye pikipiki za spoku na za aloi pamoja: ongeza kibandulio cha kuchomelea, vikinga rimu, na stendi yenye nguzo. Kompresa ya tangi ikiwa umeme upo na unapaka rangi au kupuliza vumbi pia. La sivyo tegemea kituo cha mafuta.

Mwenye Pulsar, Apache au pikipiki nyingine ya tyubulesi anayebadilisha tairi mara moja kwa mwaka: kibandulio kwanza, vikinga rimu pili, liva tatu zisizo ndefu kupita kiasi. Mashine subiri. Ukiona ukingo wa pili unakataa, kuna mbinu ya kubana mbavu zote mbili za tairi pamoja kwa kamba za plastiki za kufungia nyaya, nane au kumi kuzunguka tairi, kisha kulisukuma zima kwenye rimu iliyopakwa sabuni bila liva. Inafaa tairi pana na laini la barabarani. Tairi gumu la mashamba huzikata kamba.

Mwenye pikipiki kubwa ya safari anayekaa mbali na gereji yenye mashine ya upepo: jozi ya liva za kubandua njiani, kibandulio nyumbani, kompresa ya volti 12 kwa safari. Na kama kuna wenzako wanne wenye pikipiki za aina hiyo, kaeni pamoja mzungumze juu ya ile mashine ya kukunja. Iwekwe kwa mmoja mwenye sakafu ya zege na kivuli, na kila anayeitumia aje na sabuni yake.